Julai hufika kabla ya mnada

Swali: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni binti wa miaka 27, niko Tandahimba. Nina mikorosho 60 niliyoachiwa na marehemu babu, na mwaka wa kawaida napata kama magunia sita. Kila msimu naapa kwamba safari hii nitangoja mnada, lakini Julai ikifika nauza kwa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kabla hazijavunwa. Mwaka jana nilichukua shilingi 180,000 kwa ahadi ya magunia mawili. Mjomba ananiambia sina subira, na subira yavuta heri. Je, subira inafundishika? Na nikishaweza kungoja, nibakize gunia moja mpaka Februari ili bei ipande?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mjomba wako hajakosea methali, ila methali yenyewe haisemi jikoni kunapikwa nini wakati heri inavutwa. Anayengoja mnada wa Oktoba huku mahindi yapo ndani, ufuta umeshauzwa na salfa ya kupulizia mikorosho iko stoo, hana haja ya moyo wa chuma. Anayengoja akiwa na mtoto mwenye homa na kibubu kitupu atamwita kangomba jioni hiyohiyo, hata kama mchana ameshinda kwenye mawaidha. Kwa hiyo ndiyo, subira ya korosho inafundishika, lakini hakuna anayejifunza Julai. Inaanza siku pesa za mnada zinapoingia, na inaendelea mpaka ufuta uvunwe.

Tupige hesabu kwanza, maana wengi hawajawahi kuiona ikiwa kwenye karatasi. Magunia mawili ya kilo 80 ni kilo 160. Ulipewa 180,000, yaani shilingi 1,125 kwa kilo. Tuseme mnadani, makato yote yakishatoka, kilo inakufikia kwa 2,800: kilo 160 ni 448,000. Umepoteza 268,000 ndani ya miezi minne. Huo ni mkopo wa 180,000 unaorudishwa 448,000, riba ya karibu asilimia 149. Sema mwaka ukawa mbaya na mkononi ukapata 2,000 tu kwa kilo. Bado ungekuwa na 320,000, na riba uliyolipa ni asilimia 78. Ukienda benki wakakutajia riba hiyo, ungetoka bila kuaga.

Na hapo tumefanya kama vile kangomba anapima kwa mizani. Mara nyingi anapima kwa bakuli au ndoo yake, anajaza mpaka kilima kinasimama juu, anatingisha zishuke, anaongeza tena. Gunia analokuja kudai Oktoba nalo huwa la lumbesa. Biashara hii imepigwa marufuku, kwa hiyo hata mkigombana huna pa kwenda kushtaki bila na wewe kuulizwa maswali. Hata hivyo sitakuambia mtu huyo ni adui. Mara nyingi ni jirani, pengine ni ndugu, na mwezi wa Julai ndiye pekee anayebisha hodi akiwa na pesa taslimu mfukoni. Kumtukana hakusaidii. Inabidi ujue amekukuta unahitaji nini.

Chukua daftari uandike ile 180,000 ilikwenda wapi, kila kitu kwa mstari wake. Kwa mashamba ya ukubwa wa lako, mistari huwa ilelile: palizi ya chini ya mikorosho, salfa na mwenye mashine ya kupulizia, chakula cha miezi miwili, matibabu, na mchango wa unyago wakati wa likizo ya Juni. Juni hadi Septemba mkorosho unachanua, kwa hiyo shamba linadai pesa wakati huohuo ambao halina cha kukupa. Subira yako inakatikia hapo kila mwaka, na haijawahi kuhama mwezi.

Anza na salfa, kwa sababu ndiyo inayowapeleka wengi kwa kangomba wakijiona wana akili: "nauza gunia moja niokoe matano." Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, hushika vishada vya maua katika zile asubuhi za baridi na umande, maua yanakauka yakiwa na unga mweupe, na hakuna bibo, yaani tunda la mkorosho, litakalotoka hapo. Kiwango kilichozoeleka cha salfa ya unga ni takriban gramu 250 kwa mti mkubwa kila awamu. Miti 60 ni kilo 15, na kwa awamu nne ni kilo 60. Lakini misimu ya karibuni pembejeo zimekuwa zikigawiwa kwa ruzuku kwa wakulima walioandikishwa, kufuatana na taarifa za mashamba yao. Shamba lako liko kwa jina la nani? Kama daftarini bado limeandikwa jina la marehemu babu, unanunua dukani kitu ambacho ungegawiwa. Nenda ofisi ya kijiji na chama chako cha msingi cha ushirika ukahuishe taarifa mapema, kabla mgao haujaanza. Mgao ukianza, atakayekuta jina lake halipo atasubiri mwaka mzima, na subira ya namna hiyo haina faida yoyote.

Palizi nayo haihitaji pesa yote kwa pamoja. Safisha Mei chini ya miti 30 inayozaa zaidi, mingine ifuate. Kazi iliyobaki lazima ikamilike kabla korosho hazijaanza kuanguka, la sivyo utaziacha majanini.

Sasa ufuta, ambao kwa mtu wa Mtwara na Lindi ndio daraja la kuvukia Julai. Ukipandwa Januari au Februari, huvunwa kuanzia Mei, na minada yake hufanyika wakati korosho bado ni maua. Nusu ekari inakutosha. Mbegu ni kama kilo moja. Tafuta mbegu zilizotoka kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, kama Lindi 2002 au Mtwara 2009, badala ya kupanda mchanganyiko wa sokoni. Panda kwa mistari ya sentimita 50, uipunguzie miche ikiwa ingali midogo, ibaki yenye nafasi ya sentimita 10 kati ya mche na mche. Usipande chini ya mikorosho mikubwa. Kivuli kitakupa mabua marefu yasiyo na vitumba. Nusu ekari iliyopaliliwa kwa wakati, hata ikitoa kilo 80 tu na ukapata 2,300 kwa kilo, ni shilingi 184,000. Iweke pembeni ya ile 180,000 ya kangomba.

Ufuta wenyewe unamkomoa anayengoja kupita kiasi. Vitumba vya chini vikianza kuwa vya njano na majani kupukutika, kata. Ukisema ngoja na vya juu vikauke, vya chini vinapasuka na mbegu inamwagika mchangani, na ufuta uliomwagika mchangani hauokoteki. Funga vicha vidogo, visimamishe vikiegemeana juu ya turubai, vikikauka vipindue uvigonge kidogo kidogo.

Daraja la pili ni kikundi cha hisa. Wengi mko kwenye VICOBA, lakini vikundi vingi hugawana Desemba, wakati ambao mkulima wa korosho tayari ana pesa na yuko tayari kuzitawanya. Pendekezeni kwenye kikao mzunguko ufungwe mwishoni mwa Juni. Mabadiliko hayo hayagharimu hata shilingi moja. Na ikibidi ukope kikundini 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ambayo ni kali, miezi minne utarudisha 140,000. Rudi kwenye hesabu ya kangomba, uone ipi nafuu.

La tatu ni gumu kuliko yote, nalo ni Desemba. Pesa ya korosho ikiingia, kila mtu kijijini anajua imeingia. Ndugu wanakumbuka madeni, muuza bati anapita, pikipiki inanunuliwa kwa jazba. Kabla hujagusa chochote, tenga gharama za Julai ijayo kama ulivyoziandika daftarini. Kisha nunua chakula cha Januari hadi Machi hapohapo, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya mvua na bei ya mahindi hupanda. Fedha ya Julai usiiache kwenye simu. Iweke akaunti ya muda maalumu ya miezi sita kama kiasi kinaruhusu: ukiifungua mwishoni mwa Desemba, inaiva mwishoni mwa Juni. Kama kiasi hakitoshi, mpe mweka hazina wa kikundi kama akiba yako kwa maandishi. Atakayekuja kukopa utamwambia kweli kwamba huna.

Kuna jambo moja nakuomba usilifanye hata ukibanwa vipi: usiweke mikorosho rehani. Kuuza magunia mawili kunakuumiza msimu mmoja. Anayechukua miti kwa misimu kadhaa haipogolei wala hapulizii awamu ya mwisho, anaokota tu. Utarudishiwa miti iliyochoka. Ni afadhali uuze mihogo, kuku, hata baiskeli.

Tufike Oktoba sasa, wakati korosho ziko chini na magunia yote sita ni yako. Hapa kuna subira nyingine fupi ya siku tatu, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa kuliko zote.

Usitikise mti wala usichume. Bibo lililoiva huanguka lenyewe, na korosho yake imekomaa. Okota kila siku au siku moja baada ya nyingine, hasa mvua za mwanzo zikikaribia. Tenganisha korosho na bibo kwa kuisokota au kwa uzi, uondoe nyama yote iliyobaki kwenye kitako cha ganda, maana hiyo ndiyo inayoleta ukungu na nzi. Halafu zianike juani kwenye jamvi, turubai au sakafu safi, tabaka lisizidi sentimita 10. Zigeuze mara nne au tano kwa siku. Jioni zikusanye uzifunike, kwa sababu umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya mchana kutwa.

Siku ya pili mchana utaona zimebadilika rangi na utatamani kuzifunga. Usifunge. Chukua moja, bonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, bado. Itikise sikioni: iliyokauka inagonga ndani, kiini kimejitenga kidogo na ganda, na ukiwa na konzi nzima unasikia mlio wa kokoto. Kisha pasua tatu au nne kwa kisu, si kwa meno, kwa kuwa mafuta ya ganda yanababua midomo. Kiini kilichokauka kinavunjika kwa mlio mdogo. Kibichi kinajipinda kama mpira. Kwa jua la kawaida la Oktoba kazi hii ni siku mbili hadi tatu, na kukiwa na mawingu ni zaidi.

Najua kwa nini watu wanaharakisha. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi asilimia 9, zinabaki kama kilo 90. Anayeuza mbichi anadhani ameuza kilo 10 za maji kwa bei ya korosho. Siku moja moja anafanikiwa. Lakini gunia lenye unyevu, likibanwa katikati ya rundo ghalani, linapata joto, kiini kinaota madoa ya kahawia na ukungu, na mnunuzi ana njia rahisi ya kuligundua. Anachukua sampuli, anahesabu korosho ngapi ziko katika kilo moja, anazipasua, anatenga viini vizuri na vilivyosinyaa, vyenye madoa na vilivyooza, kisha anakokotoa ratili ngapi za kiini zitatoka kwenye gunia la kilo 80. Ratili 48 na kuendelea anaziita nzuri. Zikishuka sana, bei inashuka kwa shehena nzima, pamoja na gunia la jirani aliyekausha vizuri. Ndiyo maana wanachama wengine wana haki ya kukasirika mtu akipeleka mbichi.

Chambua mwenyewe nyumbani: daraja la kwanza mbali, zilizosinyaa, zilizotobolewa na zenye madoa mbali. Ukichanganya, gunia lote linaweza kushushwa daraja. Tumia gunia la katani au jute. Kiroba cha plastiki kinahifadhi jasho. Nyumbani liweke juu ya mbao au chaga, mbali na ukuta, na usiliweke karibu na mfuko wa mbolea.

Siku ya kupeleka chamani, hakikisha mizani inasoma sifuri kabla ya gunia lako kupandishwa. Soma uzito mwenyewe. Ondoka na stakabadhi yenye jina lako kamili, kilo, daraja na tarehe, uipige picha na karatasi uitunze. Kisha panga maisha yako kana kwamba pesa itachukua wiki sita. Ikija wiki ya tatu, vizuri. Watu wanaumia kwa sababu wanahesabu kuanzia siku ya kupima, kumbe mzigo unatoka kwanza kwa chama cha msingi kwenda ghala kuu, unaingia kwenye orodha ya mauzo, unangoja zamu ya mnada, ambao siku hizi unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi analipa, fedha zinapita chama kikuu, kwa upande wenu TANECU, ndipo zigawiwe kwenye akaunti za wakulima. Hatua yoyote ikichelewa siku tano, wewe unachelewa siku tano. Kuulizia chamani mara moja kwa wiki ukiwa na stakabadhi mkononi si kukosa subira. Ni kufuatilia mali yako.

Mnadani wakulima huulizwa kama wanakubali bei au wanakataa. Hapo kelele za wachache zinaweza kuvuta wote, kwa hiyo uwe na bei yako ya chini kichwani kabla hujafika. Kukataa mara moja, kwa sababu bei iko chini kabisa ya minada ya jirani ya wiki hiyohiyo, ni busara. Kukataa mara ya tatu kwa sababu mwaka fulani bei ilikuwa kubwa ni kamari. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mwanzo wa msimu, na Novemba Serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likahusika kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri kuliko iliyokataliwa, lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wengi walikaa miezi bila pesa. Uhakiki huo ulikuwa unawatafuta hasa walioleta korosho wasizokuwa na shamba la kuonyesha, yaani kangomba. Aliyekuwa na magunia yake sita na mikorosho yake 60 alikuwa na cha kuonyesha. Aliyekuwa na akiba ya chakula ndiye aliyeweza kungoja bila kukopa tena.

Kuhusu gunia la Februari: usilibakize. Korosho ghafi za kwetu huenda zaidi India na Vietnam, na nguvu yetu ni kwamba tunavuna Oktoba hadi Desemba, wakati wao wenyewe na Afrika Magharibi hawana korosho mpya. Kuanzia Februari mavuno yao yanaanza kuingia sokoni, na mnunuzi hana tena haraka na wewe. Zaidi ya hapo minada ya msimu inakuwa imepungua au imeisha, mvua zimechanganya, na gunia ulilolikausha vizuri Oktoba limeshaanza kuvuta unyevu kwenye nyumba ya udongo. Atakayekuja kulinunua mwezi huo unamfahamu, na ana bakuli lake.

Limebaki jambo dogo ambalo hukuliuliza. Kama mara ya mwisho pesa kupita kwenye akaunti yako ni msimu uliopita, inawezekana imelala, na malipo yakitumwa kwenye akaunti iliyolala yanarudi yalikotoka. Nenda benki Agosti, weka hata shilingi 5,000 iamke, ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Omba wakuandikie namba ya akaunti na jina kama lilivyo kwao, kisha uipeleke karatasi hiyo kwa karani wa chama alinganishe na daftari lake, herufi kwa herufi. Kama benki umeandikwa kwa jina la baba na chamani kwa jina la babu, mwambie arekebishe ukiwa umesimama palepale dirishani.